Jinsi ya Kupima Mtikisiko wa Ardhi wa Mlipuko wa Ndani ya Pango: Mwongozo kwa Anayeanza

"Sensa (kihisi cha mtikisiko) niizike au niiweke juu ya ardhi tu?" "Mlipuko wa pangoni umetoa wimbi dogo mno, au kifaa kimekufa?" "Kilo zilezile, umbali uleule, mbona namba za jana na za leo hazikaribiani?" Maswali haya matatu nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili ukienda kazini uwe nayo mkononi.

Mwongozo huu ni wa anayepima, si wa anayelipua. Baruti, fataki (kiwashio kinachoilipua baruti), idadi ya kilo na saa ya kulipua ni mamlaka ya mlipuaji mwenye leseni. Wewe unafika na vifaa vyako, unauliza unachohitaji kujua, na unakaa pale atakapokuambia ukae.

Nadharia kidogo, ndipo tuendelee

Baruti ikishindiliwa ndani ya shimo, mwamba unaoigusa unapondwa, unaofuata unapasuka, na mbele zaidi kuna mpaka ambapo mwamba unaacha kuvunjika na kuanza kutikisika tu. Wimbi unalolipima linazaliwa kwenye mpaka huo. Sasa chukua baruti ileile uiweke katikati ya pango. Gesi inatanuka kwanza ndani ya nafasi ile, shinikizo linashuka kabla halijafika ukutani, na ukuta unasukumwa badala ya kupondwa. Pango likiwa kubwa vya kutosha, mwamba hauvunjiki kabisa, na wimbi linalosafiri nje linakuwa dogo sana.

Udogo huo ulishapimwa. Kati ya mwaka 1959 na 1960, kwenye mgodi wa chumvi wa Winnfield, Louisiana, majaribio yaliyoitwa Cowboy yalilinganisha baruti za kawaida zilizoshindiliwa na zilizoning'inizwa ndani ya mapango. Kisha tarehe 22 Oktoba 1964, mita 828 chini ya ardhi ndani ya kuba la chumvi la Tatum, Mississippi, ulilipuliwa mlipuko wa nyuklia ulioitwa Salmon, wenye nguvu ya kilotani 5.3 (kilotani moja ni sawa na tani 1,000 za baruti ya TNT). Ulijichimbia pango lenye nusu kipenyo cha takribani mita 17. Tarehe 3 Desemba 1966 mlipuko mwingine, Sterling, wa kilotani 0.38, ukalipuliwa ndani ya pango lilelile. Mawimbi ya Sterling yalikuwa madogo karibu mara 70 kuliko ambavyo yangekuwa kama ungeshindiliwa kwenye chumvi ileile.

Ishike namba hiyo ya 70, lakini shika na hili: upungufu haulingani kwenye frikwensi zote (frikwensi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, nayo huhesabiwa kwa hezi). Mawimbi ya frikwensi ya chini ndiyo yanayopungua sana, ya juu hayapungui kiasi hicho. Kwa hiyo ukipima kilele peke yake, yaani mtikisiko mkubwa kuliko yote, bila kuangalia frikwensi, utapata jibu ambalo halielezi pango lilifanya nini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Sensa za mielekeo mitatu (wima, kuelekea mlipuko, na kukingama), moja kwa kila kituo. Jiofoni, yaani sensa za koili zinazopima kasi ya ardhi, zinatosha kwa vituo vya mbali. Kwa vituo vya karibu na pango chukua akselerometa, yaani sensa inayopima mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika), kwa sababu koili ya jiofoni ina nafasi ndogo ya kucheza na itagonga mwisho wake.
- Vyeti vya urekebishaji wa kila sensa na kila kinasa, ambavyo muda wake haujaisha. Namba ya sensa kwenye cheti ilingane na namba iliyochongwa kwenye sensa yenyewe.
- Vinasa vyenye saa ya GPS. Chini ya ardhi GPS haifiki, kwa hiyo saa zilinganishwe juu kabla ya kushuka na mara tu baada ya kupanda.
- Plasta ya jasi au gundi ya epoksi, boliti za mwamba, koleo, pimamaji, dira na mifuko ya mchanga.
- Betri za akiba. Baridi na unyevu wa chini ya ardhi huzimaliza upesi.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu.

Hatua za kazi

1. Andika swali unalotaka kujibu. Sentensi moja tu. Unataka kujua kama jengo lililo juu liko salama? Basi unatafuta kilele cha kasi ya chembe, yaani mwendo wa ardhi wenyewe kwa milimita kwa sekunde, pamoja na frikwensi yake. Unataka kujua pango limepunguza mtikisiko kiasi gani? Basi unahitaji spektra nzima, yaani mchoro wa ukubwa wa wimbi kwa kila frikwensi, na unahitaji mlipuko wa pili wa kulinganisha. Ni kazi mbili tofauti zenye vifaa tofauti, na ukizichanganya utarudi ukiwa na data nyingi zisizojibu lolote kati ya hayo.

2. Chukua taarifa za mlipuko kwa maandishi. Mwombe mlipuaji aina ya baruti, jumla ya kilo, na kilo zinazolipuka pamoja kwa kila fataki ya kuchelewesha. Uliza baruti itakaa wapi ndani ya pango: katikati, sakafuni, au imeegemea ukuta. Uliza ujazo wa pango, umbo lake, na kama njia ya kuingilia itazibwa au itaachwa wazi. Baruti iliyogusa ukuta inaponda mwamba pale ilipogusa, na kwa upande huo mlipuko wako si wa pangoni tena. Njia ikiachwa wazi, sehemu ya shinikizo itatoroka na kupotea, nawe utaisifia pango kwa kazi iliyofanywa na mlango.

3. Pima umbali wa mshazari. Umbali unaohitajika ni kutoka katikati ya baruti hadi kwenye sensa, si ule unaouona kwenye ramani. Kama baruti iko mita 150 chini na sensa iko juu, mita 200 pembeni, umbali wako ni mita 250. Kosa hili dogo la hesabu ndilo linaloharibu grafu nyingi ninazoletewa, hasa kwa vituo vilivyo juu ya pango au karibu na hapo.

4. Kadiria kabla ya kupima. Kwa baruti iliyokusanywa mahali pamoja, gawanya umbali kwa kipeuo cha tatu cha kilo. Kilo 125 zina kipeuo cha tatu cha 5, kwa hiyo mita 200 zinakuwa 40. Kilo 1,000 zina kipeuo cha 10, na mita 400 zinakuwa 40 vilevile. Katika mwamba uleule, na kama zote zimeshindiliwa, vituo hivyo viwili vitarajiwe kuonyesha kasi inayokaribiana, ila wimbi la kilo 1,000 litachukua muda mara mbili, yaani frikwensi yake ni nusu. (Mashimo marefu ya baruti hutumia kipeuo cha pili. Usihamishe fomula ya huko kuileta pangoni.)

Kisha geuza kasi kuwa mchapuko: zidisha kasi kwa 6.28, halafu kwa frikwensi. Milimita 20 kwa sekunde kwenye hezi 30 ni karibu mita 3.8 kwa sekunde kwa sekunde, sawa na 0.38 ya mvutano wa dunia, yaani g 0.38. Iandike namba hiyo, tunaihitaji hatua ya 6.

5. Panga vituo. Viwe vitano au sita kwa uchache, kwenye mstari mmoja unaotoka pangoni, na umbali uongezeke kwa kuzidisha: mita 50, 100, 200, 400 na kuendelea. Ukivipanga kila baada ya mita 50, grafu yako itajaa upande mmoja na kubaki tupu upande mwingine. Weka vituo viwili vya ziada kwenye mwelekeo mwingine, maana pango refu kama handaki halisukumi sawasawa pande zote.

Usichanganye kwenye mstari mmoja sensa za juu ya ardhi na za ndani ya mwamba. Wimbi likifika juu linarudishwa chini, na pale pale usoni mwendo unaweza kuwa mara mbili ya ulivyo ndani ya mwamba. Udongo laini juu ya mwamba unaongeza zaidi. Kama ni lazima uwe na zote, zichore kama mistari miwili.

6. Ifunge sensa. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kila nilipoletewa data mbaya na kuambiwa "kifaa kibovu", mara nyingi kifaa kilikuwa kizima na tatizo lilikuwa jinsi kilivyokaa. Sensa inapima mwendo wake yenyewe. Kama haijashikana na ardhi, inaruka, inateleza, inagonga, nawe unaandika mruko wa sensa ukidhani ni mtikisiko wa mwamba.

Mwongozo unaofuatwa sana na wapimaji wa milipuko ni huu: mchapuko unaotarajiwa ukiwa chini ya g 0.2, sensa inaweza kukaa juu ya ardhi bila kufungwa. Kati ya g 0.2 na g 1.0, izike au ifunge. Ukizidi g 1.0, kuzika au kufunga imara ni lazima, hakuna mjadala. Mfano wetu wa g 0.38 unaangukia katikati, kwa hiyo tunazika.

Kuzika kunafanywa hivi. Chimba shimo lenye kina kisichopungua mara tatu ya kimo cha sensa. Toa majani, mizizi na udongo uliolegea hadi ukute ardhi ngumu. Isimike sensa kwa misumari yake, isawazishe kwa pimamaji, rudisha udongo kidogokidogo huku ukishindilia kwa mkono pande zote. Ukimaliza, ijaribu kuisogeza kwa vidole. Ikicheza, anza upya.

Ndani ya handaki au chumba cha mgodi, gonga mwamba kwa nyundo kabla ya kuchagua mahali. Sauti kavu inayolia ni mwamba mzima. Sauti nzito ya uwazi ni ganda lililobanduka, litatikisika peke yake kama ngoma. Safisha, osha vumbi, paka plasta ya jasi au epoksi, kisha boliti. Usiiweke sensa kwenye zege la sakafu lililomwagwa juu ya kifusi, wala kwenye nguzo ya chuma.

Mfuko wa mchanga juu ya sensa ni wa pale ambapo huwezi kuzika wala kufunga. Uwe na kilo 4.5 au zaidi, ulegee kiasi cha kuikumbatia sensa hadi chini. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwahi kuweka mfuko uliojaa kupita kiasi ukawa mgumu kama jiwe. Ulisimama juu ya sensa kwa nukta moja tu, na mlipuko ulipokuja vikapishana. Kituo changu cha karibu kuliko vyote, na ndicho nilichokihitaji zaidi, kikapotea.

7. Elekeza mshale. Mshale wa sensa uelekee kwenye baruti. Chini ya ardhi dira hudanganywa na reli, nondo na mashine, hivyo tumia ramani ya wapimaji wa mgodi. Piga picha ya sensa kabla hujaifunika.

8. Seti kinasa. Kwa vituo vya mbali, sampuli (vipimo) 1,000 kwa sekunde ndiyo sakafu. Kwa vituo vya karibu kwenye mwamba mgumu nenda sampuli 10,000 au zaidi, na chujio la kuzuia frikwensi zilizozidi nusu ya kiwango cha sampuli liwe limewashwa. Acha sekunde moja au zaidi kabla ya kuamka kwa kinasa, ili uwe na kipande cha utulivu cha kulinganishia.

Makosa ya kawaida hapa ni kuweka kizingiti cha kuamsha kinasa kwa mazoea ya milipuko ya kushindiliwa. Kumbuka namba 70. Mlipuko wa pangoni unaweza kupita chini ya kizingiti na kinasa kisiamke kabisa. Kama kumbukumbu inatosha, rekodi mfululizo na uachane na kizingiti.

9. Rekodi ukimya. Dakika kumi za ardhi ikiwa imetulia, feni na pampu zikiwa katika hali ileile zitakayokuwa nayo wakati wa mlipuko. Kwa mlipuko mdogo wa pangoni, kipande hiki kina thamani sawa na rekodi ya mlipuko wenyewe, kwa sababu ndicho kitakachokuonyesha ni frikwensi zipi unaweza kuziamini.

10. Siku yenyewe. Kagua kila chaneli kwa kupiga mguu chini karibu na sensa, tazama mistari yote mitatu ikicheza, kisha ondoka. Baada ya mlipuko usikimbilie data. Mapango na mahandaki hubakiza monoksidi ya kaboni na oksidi za nitrojeni, na mawe yaliyolegea darini. Unaingia pale mlipuaji aliyekagua anapokuambia ingia, si dakika moja kabla.

11. Pima mlipuko wa ulinganisho. Mlipuko mmoja wa pangoni, peke yake, hausemi pango limepunguza nini. Unahitaji mwingine ulioshindiliwa, katika mwamba uleule, vituo vilevile, sensa bila kuguswa. Ukipata kilo zilezile ni bora zaidi. Kilo zikitofautiana, sahihisha. Salmon ilikuwa na nguvu karibu mara 14 ya Sterling, na kwenye frikwensi za chini ukubwa wa wimbi huongezeka takribani sawa na nguvu. Mtu angegawanya mawimbi hayo bila kusahihisha angepata karibu mara 1,000 badala ya 70, na angetangaza muujiza.

Andika pia hali ya pango. Lile la Sterling lilichimbwa na mlipuko uliotangulia, kwa hiyo kuta zake zilikuwa zimeshapigwa na kupasuka. Pango lililochongwa taratibu kwenye mwamba mzima linaweza kuwa na tabia nyingine, na usilitabirie kwa namba ya Sterling bila kulitaja hilo.

12. Soma rekodi. Anza kwa macho kabla ya kompyuta. Ondoa wastani wa mstari, tazama wimbi la kwanza linaanza lini, linganisha na umbali. Katika chumvi mawimbi ya kwanza hukimbia takribani mita 4,500 kwa sekunde, hivyo mita 300 huchukua sehemu 67 za elfu za sekunde. Kama namba zako ziko mbali na hapo, saa au umbali una kasoro.

Kilele cha jumla kitafute kwa kuunganisha mielekeo mitatu kwenye kila nukta ya muda. Usichukue vilele vitatu vilivyotokea nyakati tofauti ukavijumlisha, utapata mwendo ambao ardhi haikuwahi kuufanya.

Kwa pango, kata vipande vya muda vilivyo na urefu sawa kutoka rekodi zote mbili, tengeneza spektra, zilainishe kwa namna moja, kisha gawanya ya kushindiliwa kwa ya pangoni. Baki na frikwensi ambazo ishara imezidi kelele mara tatu au zaidi kwa rekodi zote mbili. Matokeo yako ni mchoro, si namba moja. Atakayekuomba namba moja mpe ile ya frikwensi za chini na umwambie ni hezi ngapi hadi ngapi.

Kama swali lako lilikuwa la majengo, Ofisi ya Madini ya Marekani ilipendekeza mwaka 1980 kwa frikwensi za chini milimita 12.7 kwa sekunde kwa nyumba za plasta na 19 kwa kuta za bodi ya jasi, ikiruhusu hadi 50.8 juu ya hezi 40. Mapendekezo hayo yalitokana na milipuko ya migodi ya wazi. Fuata kwanza sheria ya mahali ulipo.

Mambo yakienda mrama

*Wimbi limekatwa kichwa, juu ni tambarare.* Kipimo kilizidiwa. Kilele hakirudishwi kwa hesabu, kwa hiyo kiondoe kituo hicho kwenye grafu na mara nyingine panua kiwango cha kipimo au tumia akselerometa.

*Vituo vyote vina mruko mmoja kwa wakati mmoja, sekunde sifuri.* Huo si mtikisiko. Mwamba hauwezi kufikisha wimbi mita 50 na mita 400 kwa pamoja. Ni umeme wa kulipulia ulioingia kwenye nyaya zako. Ziweke mbali na nyaya za mlipuaji, na zikilazimika kukutana zikatane kwa msalaba.

*Kuna wimbi la pili lililochelewa sana, kwenye sensa za handakini tu.* Hewa. Kwa mita 340 kwa sekunde, mita 300 huchukua karibu sekunde 0.9, wakati mwamba ulishafika kitambo. Likate nje ya kipande chako cha spektra, na funga nyaya zisipeperuke.

*Mipigo midogo inajirudia kwa vipindi sawa baada ya wimbi la kwanza, wakati fataki ilikuwa moja.* Usimlaumu mlipuaji. Ndani ya pango mshindo unakwenda na kurudi kati ya kuta, na kila unapogonga unatuma wimbi. Linganisha kipindi hicho na kipenyo cha pango: kama vituo vyote vina kipindi kilekile, ni pango linaloongea.

*Wimbi lina mlio mkali wa frikwensi moja, kituo kimoja tu.* Sensa haijashikana, au imekaa kwenye ganda la mwamba. Rudi hatua ya 6.

*Ukigeuza mchapuko kuwa kasi, mstari unapanda kama mlima.* Kosa dogo la sifuri limejumlishwa kwa muda mrefu. Ondoa wastani kwa kutumia kipande cha kabla ya mlipuko, kisha chuja frikwensi za chini kabisa kabla ya kujumlisha. Lichuje kwa kiwango kilekile kwenye rekodi zote mbili, la sivyo uwiano wako utakuwa wa chujio.

*Uwiano unapungua ghafla unapoelekea frikwensi za chini sana.* Angalia frikwensi asilia ya jiofoni yako. Iliyo na hezi 4.5 hudhoofika chini ya hapo, na unachogawanya ni kelele kwa kelele. Ukihitaji kushuka zaidi, badilisha sensa.